Watoto ni Wangapi Katika Kila Watu Mia?

(Mazungumzo yaliyotolewa katika bwalo la shule, siku ya pili ya mkutano wa mwaka wa Wanafunzi wa Zamani. Yamechapwa kama yalivyosomwa, isipokuwa maswali na majibu ya mwisho.)



Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya jambo lolote ninalolijua vizuri. Nimefundisha jiografia kwa miaka 40, na somo ambalo sikulichoka hata mwaka mmoja ni lile la sensa. Naona baadhi yenu mmekwisha anza kusinzia. Vumilieni kidogo. Mwisho wa mazungumzo haya ipo hoja ya fedha, na habari ya fedha haijapata kumlaza mtu.

Jana jioni tulikaa pale chini ya mwembe, sisi tuliomaliza kidato cha nne mwaka 1977 na wengine waliotutangulia. Mwenzetu mmoja akasema kwamba shule za siku hizi zimekuwa soko. Akatukumbusha kuwa darasani tulikuwa 35, kila mtu na dawati lake na kitabu chake, na mwalimu alimjua kila mmoja kwa jina lake na la kijiji chake. Sote tukatikisa vichwa kukubali, nami nikatikisa. Lakini usiku sikupata usingizi. Pengine ni vile vitanda vya bweni ambavyo havijabadilika, na pengine ni yale maneno. Nikawa napiga hesabu gizani, na hesabu hizo ndizo nilizowaletea.

Mwaka 1967 nchi yetu ya Tanzania ilihesabu watu kwa mara ya kwanza baada ya Muungano. Tukapatikana watu milioni 12.3. Katika kila watu 100 waliohesabiwa, 44 walikuwa watoto wa chini ya miaka 15. Mwaka 1978 tulikuwa milioni 17.5, na watoto walikuwa 46 katika kila 100. Nikirukia mwaka 2002, tulikuwa milioni 34.4, watoto 44 katika 100. Mwaka 2012 tulikuwa milioni 44.9, na watoto ni wale wale 44. Sensa ya mwaka 2022 ikatukuta milioni 61.7, na watoto wamekuwa 43.

Vijana, ninyi mnaojiandaa kwa mtihani, ziwekeni hesabu hizo katika safu mbili mzitazame. Safu ya jumla ya watu inakimbia kama mtu anayewahi basi. Safu ya watoto katika kila 100 imekaa kitako. Ilipanda kidogo, ikashuka kidogo, na baada ya miaka 55 imesogea karibu na pale pale ilipoanzia. Mtu asiyekuwa mwangalifu atasema basi hapana kilichobadilika. La hasha. Sehemu ni kitu kimoja, na idadi ni kitu kingine. Asilimia 44 ya milioni 12.3 ni watoto milioni 5 na zaidi kidogo. Asilimia 43 ya milioni 61.7 ni watoto milioni 26 na zaidi. Maana yake, watoto peke yao waliohesabiwa mwaka 2022 ni zaidi ya mara mbili ya Watanzania wote waliohesabiwa mwaka 1967, babu na bibi zetu wakiwemo.

Ndugu yangu wa jana chini ya mwembe, hao watoto milioni 26 ndio unaowaona wamejaa kama sokoni.

Sasa nataka kuondoa kosa moja ambalo nimelisahihisha katika daftari za wanafunzi kwa miaka mingi, na ambalo hata watu wazima wenye vyeti vyao hulifanya. Watu hudhani kwamba hospitali zikiongezeka na watu wakiishi miaka mingi, basi wazee watazidi na sehemu ya watoto itapungua. Kwa nchi kama yetu mambo yalikwenda kinyume. Maisha yetu hayakurefuka hasa kwa wazee wa miaka 70 kufika 80. Yalirefuka kwa sababu watoto wachanga waliacha kufa. Na mtoto aliyeokolewa na surua, kuharisha au malaria akiwa na mwaka mmoja, anaingia katika safu gani ya hesabu? Anaingia katika safu ya watoto, na humo atakaa miaka 14 zaidi. Kwa hiyo zahanati na chanjo, peke yake, huongeza sehemu ya watoto. Kinachoipunguza ni kitu kimoja tu, nacho ni akina mama kuzaa watoto wachache zaidi.

Nililiona jambo hili kwa macho kabla sijalisoma kitabuni. Mwezi wa Agosti mwaka 1978 nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, nikachukuliwa kuwa karani wa sensa. Nilipewa begi, penseli, kifutio na balozi wa nyumba kumi wa kunitembeza. Eneo langu lilikuwa miongoni mwa yale yaliyochaguliwa kwa dodoso refu, lile lililouliza akina mama wamezaa watoto wangapi, wangapi wako hai, na wangapi wamefariki. Katika nyumba moja nilimkuta mama anapepeta mchele. Mume wake akajibu kwa niaba yake, kama ilivyokuwa desturi: "Watoto watano." Nikauliza swali lililofuata. Yule baba akanyamaza. Mama akaweka ungo chini, akaanza kuhesabu kwa vidole, akitaja majina. Alifika tisa. Kisha akaniuliza, "Hao wanne nao wamo katika karatasi yako?" Nikamwonyesha kijisanduku chao. Akakitazama kwa muda mrefu, ingawa hakujua kusoma, akachukua ungo wake akaendelea na kazi.

Nyumba ile ilinifundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba mzazi aliyezika wanne hakuwa mjinga kuzaa tisa. Alikuwa anapiga hesabu yake mwenyewe, na hesabu ilikuwa sahihi kwa jinsi mambo yalivyokuwa. La pili nilikuja kulielewa baadaye: kama wale wanne wangepona, mwaka ule ningeandika watoto tisa katika nyumba ile badala ya watano, na sehemu ya watoto katika kijiji ingepanda papo hapo bila ya mtu yeyote kuongeza uzazi.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwa taifa zima. Katika miaka iliyoishia 1999, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 wamekuwa 43. Hiyo ni kazi kubwa sana, na wauguzi wetu wa vijijini hawajashukuriwa ipasavyo. Upande wa pili, uzazi nao ulikuwa unashuka, lakini polepole. Mwaka 1991 na 1992 wastani ulikuwa zaidi kidogo ya watoto 6 kwa kila mama katika maisha yake ya uzazi. Mwaka 2015 na 2016 ulikuwa 5.2, na mwaka 2022 ukawa 4.8. Kwa hiyo ni kama watu wawili wanaovutana kamba. Mmoja anaokoa watoto na kuivuta sehemu yao juu, mwingine anapunguza uzazi na kuivuta chini, na nguvu zao zimekaribiana. Kamba imesimama, nasi tunadhani hapana mtu anayevuta.

Jirani zetu wa Kenya walianza mahali pabaya kuliko sisi. Katika miaka ya 1977 na 1978 wastani wao ulikuwa watoto 8 kwa kila mama, karibu kupita nchi zote duniani, na sensa yao ya mwaka 1979 ilikuta watoto 48 katika kila watu 100. Uchunguzi wao wa mwaka 2022 umekuta wastani wa watoto 3.4, na sensa ya mwaka 2019 ilikuta watoto 39 katika kila 100. Sisemi tuwaige kwa kila jambo. Hata mpira hatukubali watushinde. Lakini wale ni watu wa mila zinazofanana na zetu, wenye mashamba na mifugo kama sisi, na kamba yao imesogea. Na hata huko, idadi ya watoto wenyewe ilizidi mara mbili katika miaka hiyo 40, kwa sababu wasichana waliozaliwa wakati wa uzazi mkubwa walikuja kuwa mama, nao ni wengi. Nasi itakuwa hivyo hivyo. Akina mama wa mwaka 2040 walikwisha hesabiwa na makarani wenye vishikwambi mwaka 2022. Hata kila mmoja wao akiamua kuzaa wachache, madarasa hayatapungua leo wala kesho.

Wapo waliofika mbali zaidi. Korea ya Kusini katika miaka ya 1960 ilikuwa kama sisi, watoto zaidi ya 40 katika kila 100. Leo hawafiki 12. Japani mwaka 1950 walikuwa 35, na sasa nao hawafiki 12. Shule zao za vijijini zinafungwa kwa kukosa watoto na wazee wamekuwa mzigo wa aina yake. Sijawaletea habari hiyo ili muitamani. Lakini kati ya pale walipoanza na hapa walipofika palikuwa na miaka kama 30 au 40 ya nafuu, ambapo watoto wamepungua na wazee hawajawa wengi, na watu wa kufanya kazi ni wengi kuliko wanaotunzwa. Korea iliitumia miaka hiyo kwa shule na viwanda. Nafuu hiyo hailazimiki kuja, wala haikai. Nasi mlango wake bado hatujaufikia.

Maana ya maneno haya kwa mfuko wa baba wa nyumba ni rahisi. Hivi sasa kwa kila watu 100 wa umri wa kufanya kazi, miaka 15 hadi 64, tuna watoto karibu 80 wa kulisha, kuvisha na kusomesha. Japani ni karibu 20. Mtu asiniambie kwamba mwalimu wa Japani ni hodari kuliko mwalimu wa Tanzania kabla hajagawanya chaki kwa idadi ya wanafunzi. Nilianza kazi mwaka 1980, miaka mitatu baada ya Elimu ya Msingi kwa Wote kuanza, na nilipostaafu mwaka 2020 nilikuwa na zaidi ya wanafunzi 100 katika mkondo mmoja. Kusahihisha insha moja kwa darasa zima kulinichukua juma zima, na hilo ni darasa moja kati ya manne.

Lakini nirudi kwa ndugu yangu wa jana. Dawati lake lile na kitabu chake kile havikuwapo kwa sababu nchi ilikuwa na fedha nyingi. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, wanafunzi wa sekondari nchi nzima hawakufika 12,000. Mwaka 2023 waliofaulu mtihani wa darasa la saba peke yao walizidi milioni 1, na nafasi ya kidato cha kwanza ikatafutwa kwa kila mmoja. Sisi tulikaa 35 darasani kwa sababu wenzetu wa rika letu waliachwa nje. Katika shule yangu ya msingi tulikuwa 41 darasa la saba. Tulichaguliwa wawili. Wale 39 hawakuwa wajinga. Mmoja wao alikuwa akinishinda hesabu kila juma, na alirudi kuchunga. Kwa hiyo tunaposema shule zilikuwa nzuri, tuseme pia zilikuwa nzuri kwa nani.

Sasa nije kwa jambo ambalo sisi wanaume wa shule hii hatulizungumzi. Nimesema kinachosogeza kamba ni uzazi. Na kinachosogeza uzazi ni nini? Sera zilikuwapo. Chama cha Uzazi na Malezi Bora, UMATI, kilianza mwaka 1959. Mwalimu Nyerere alipoeleza Mpango wa Pili wa Miaka Mitano mwaka 1969 aliwataka watu wafikirie uwezo wao wa kutunza watoto, wasifikirie wingi peke yake. Sera ya taifa ya idadi ya watu ilitoka mwaka 1992. Zote hizo ni sawa. Lakini ukisoma majedwali ya uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 utaona mahali ambapo tofauti ni kubwa kama mchana na usiku. Mwanamke ambaye hakwenda shule alikuwa na wastani wa watoto 6.9. Mwanamke aliyefika sekondari au zaidi, 3.6. Nchi ni moja, mwaka ni mmoja, dawa za uzazi wa majira ni zile zile katika zahanati ile ile. Miaka ile ile, kati ya kila wasichana 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19, 27 walikuwa wamekwisha zaa au wana mimba. Mwaka 2022 wamepungua kuwa 22. Ni maendeleo, lakini bado ni zaidi ya mmoja katika kila watano.

Msichana anayekaa darasani mpaka kidato cha nne hana haja ya kuhubiriwa sana. Anaolewa akiwa mtu mzima, anajua kusoma kadi ya kliniki, watoto wake hawafi ovyo, na kwa hiyo hahitaji kuzaa wa akiba. Pande zote mbili za kamba yeye yumo.

Shule yetu hii ni ya wavulana, na tunajivunia. Imetoa mahakimu, madaktari, maaskari, wakulima na walimu kama mimi. Katika jambo hili la watoto wangapi katika kila 100, hata hivyo, shule yetu haina uwezo mkubwa. Uwezo huo uko kilomita sita kutoka hapa, katika shule ya sekondari ya kata mliyoipita jana mkija, ile yenye paa jekundu. Nimekwenda pale mara tatu mwaka huu. Wasichana wanaotoka vijiji vya bondeni hawawezi kwenda na kurudi kila siku. Wanapanga vyumba mtaani, wawili watatu pamoja, wanajipikia, bila mzazi wala matroni. Mwalimu mmoja pale alinionyesha orodha ya mahudhurio ya kidato cha pili na akaweka kidole juu ya majina, mmoja mmoja, akisema, "Huyu ameolewa. Huyu yuko kwao ananyonyesha. Huyu hatujui." Tangu mwezi wa Novemba mwaka 2021 Serikali imeruhusu waliojifungua warudi shuleni, na ni jambo jema. Ila kumrudisha msichana ni kazi kubwa kuliko kumlinda asitoke.

Ndugu Mwenyekiti, katika ajenda ya mchana iko hoja ya kujenga lango la ukumbusho lenye majina ya wanafunzi wote wa zamani yaliyochongwa katika jiwe. Jina langu nalo lingekuwamo, na sitasema uongo kwamba nisingelifurahia. Lakini napinga hoja hiyo, na naleta nyingine mahali pake. Napendekeza kwamba fedha zilizokwisha changwa zijenge bweni la wasichana 48 katika ile shule ya kata, lenye chumba cha matroni, choo, na tangi la maji ya mvua. Kiwanja kipo, serikali ya kijiji imekubali kwa maandishi. Makadirio ya fundi yamo katika karatasi mlizogawiwa, ukurasa wa pili. Lango na bweni vimekaribiana bei. Kinachopungua ni fedha za vitanda na magodoro, na nimeweka daftari pale mezani kwa katibu kwa yeyote atakayependa kuanza.

Najua nitakayoulizwa, kwa maana yalikwisha ulizwa leo asubuhi kwenye uji: kwa nini chama cha wavulana kijenge kwa wasichana, tena wa shule nyingine? Jibu langu ni la mwalimu wa jiografia. Wavulana wetu hawa walioketi kule nyuma wataoa. Watoto wao watasoma katika madarasa ya watoto 40 au ya watoto 120, na jambo hilo litategemea zaidi wasichana wa paa jekundu kuliko sisi tuliomo humu ndani.

Nimezungumza kwa muda niliopewa, na harufu ya pilau inanishinda nguvu. Karatasi ziko mezani. Naomba hoja hii ipigiwe kura kabla ya ile ya lango, na sasa niko tayari kwa maswali, wanafunzi kwanza.